Taarifa ya Theluji ya Jumamosi

Maman Antoinette wa Evere, mtaa wa Brussels, hakuwa mtu wa kutamka mabaya. Ungemkuta kituo cha basi, mvua imemlowesha mpaka soksi, ukamwambia leo hali ni mbaya, naye angekujibu kwamba jua liko njiani. Siku moja daktari alimuuliza anaumwa wapi. "Niko bien, docteur," alisema, huku ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na mawe ya figo yanamkata kiuno. Tulimcheka sote, tusidanganyane. Mtu anayekataa hata kusema ana homa, utamfanyaje?

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Laeken. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, kuwasikiliza wakisimulia vita vyao. Wenzake wakinong'ona kwamba mzee wa chumba fulani hafiki Jumatatu, Antoinette alitoka akasimama kwenye korido mpaka wamalize. Wale Wabelgiji walidhani ni heshima kwa wagonjwa, na mkuu wa kazi alimsifu kwa hilo mbele ya wote. Haikuwa heshima. Ilikuwa hofu, na alikuja nayo kutoka Bukavu.

Bukavu imejengwa juu ya vilima visivyokaa mahali pamoja. Kila msimu wa mvua kuna nyumba zinazoshuka na udongo, na kila msimu watu wanajenga tena palepale, maana wataenda wapi? Donat, mume wa Antoinette, alikuwa seremala. Asubuhi moja ya mvua kubwa alitaka kutoka kwenda kumalizia milango ya mtu ng'ambo ya kilima. Jémima alikuwa bado ananyonya, jiko lilikuwa linavuja, na Antoinette alikuwa na hasira za kawaida za mwanamke mwenye mume asiyesikia.

"Enda," alimwambia mlangoni, mama mkwe na majirani wakisikia. "Mulima ikikulalia, usiniite."

Ni maneno tu. Nani hajamwambia mumewe maneno ya namna hiyo na jioni wakala pamoja? Lakini kabla ya adhuhuri kilima kilikatika na barabara yote, na Donat alikuwa barabarani. Kwenye kilio, mama mkwe alisimama katikati ya watu akamnyooshea kidole. "Mulimusikia bote," alisema. "Alimutamkia." Watu wa kilio waliangalia chini, hata ndugu zake Antoinette.

Baadaye vita ikaja, ikamtoa Bukavu, ikamzungusha, ikamtupa Brussels na mtoto mgongoni. Aliyempokea ni Maman Priscille wa Goma, mjane kama yeye, aliyekuwa akikaa ghorofa ya juu katika jengo moja la Evere, ambamo Antoinette naye alipata chumba. Priscille alimpa godoro, sufuria mbili na kanisa. Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kukodi kule Koekelberg, na pale walifundishwa jambo ambalo Antoinette alikuwa amekwisha kulijua kwa kidole cha mama mkwe: kinywa kinaumba. Usikiri ugonjwa, usikiri njaa, usikiri kifo. Neno baya ukilisema umelifungulia mlango. Kule wengine waliitikia amina kwa mdomo. Antoinette aliitikia kwa mwili mzima.

Priscille alikuwa na kijana, Jérôme. Yeye na Jémima walikulia kwenye ngazi za jengo lile, wakila kwa mama yeyote aliyekuwa amepika, wakichapwa na yeyote aliyekuwa karibu. Walikua, wakasoma, wakapata kazi. Kisha Jémima akajiunga na kikundi cha watembeaji wa milimani. Kwanza ilikuwa misitu ya Ardennes, hapo hakuna aliyelalamika. Halafu ikawa milima ya Alpi, upande wa Ufaransa, tena wakati wa baridi, na viatu vipana vya kukanyagia theluji, nje ya njia za watalii, siku tatu nne bila kuonana na mtu. Mwaka wa pili akamvuta na Jérôme.

"Sisi tulikimbia milima," Priscille alimtania, "wewe unachukua kongé ya kazi juu ya kuifuata?"

"Ile yenu ilikuwa na matope, maman. Hii iko safi."

Jémima hakuwa mjinga. Tuseme ukweli huo mapema, maana baadaye watu wa kanisa walisema mengi. Alikuwa amefanya mafunzo, alikuwa na koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kile kifaa cha kufunga kifuani kinachotoa mlio ili wenzako wakupate ukifukiwa. Na alitaka mama yake aelewe. Jumapili moja baada ya ibada alimwita jikoni.

"Maman, kuya uone."

Alichukua ubao wa kukatia nyama, akaunyunyizia sukari. Juu ya sukari akamwaga unga wa fufu, akaushindilia kwa kiganja mpaka ukawa ngozi moja ngumu.

"Hii sukari ni neige, theluji ya zamani. Ilikauka, haishikane na kintu. Hii fufu ni ile upepo ilileta. Ukiangalia juu, unaona nini?"

"Naona unaniharibia bunga yangu."

"Unaona yote iko nyeupe, yote iko muzuri. Bon. Angalia sasa."

Akaanza kuinua ubao upande mmoja, taratibu. Unga haukutikisika. Antoinette alikuwa tayari anacheka. Jémima akagusa juu yake kwa ncha ya kidole, kidogo tu, na unga ukapasuka kwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, ukateleza wote kwa pamoja mpaka sakafuni.

Antoinette aliacha kucheka. Mstari ule aliujua. Alikuwa ameuona juu ya barabara ya Bukavu, udongo mwekundu umekatika kama kwa kisu, siku alipokwenda kutafuta miguu ya mumewe kwenye matope.

"Muntu moja anatosha," Jémima alisema, akichukua ufagio. "Haiombi kelele, haiombi baridi kali. Muguu moja tu mahali pabaya."

Kisha akamfundisha taarifa. Kila jioni wataalamu wa milima hutangaza hatari ya theluji kwa namba, kutoka un mpaka cinq, yaani moja mpaka tano, pamoja na mchoro wa duara unaoonyesha ni pande zipi za mlima zimeharibika. Deux, unakwenda ukiangalia. Trois, unaiacha miteremko mikali. Quatre, unabaki chini, basi. Cinq, hata vijiji vinafunga barabara. Tatizo ni kwamba kule kwenye kibanda cha kulala hakuna intaneti. Kuna mahali pamoja tu, nyuma ya choo, ambapo simu inashika kidogo, ya kuongea tu.

"Nitakuita kila jioni. Wewe utanisomea."

"Mimi sisemake mambo ya kifo, Jémima. Unanijua."

"Haiko kusema, maman. Ni kusoma. Chiffre, ile namba, haiko unabii."

Antoinette alifikiri sana juu ya hilo. Namba si neno. Namba iko kwenye basi, iko kwenye mlango, haimlaani mtu. Akakubali. Na tangu siku hiyo, kila Jémima alipokuwa milimani, mama yake alikuwa msomaji mwaminifu kuliko padri na kitabu chake. "Deux, nord," alisema, mbili, upande wa kaskazini. "Un, kila upande." Halafu akaweka baraka juu yake, na binti akacheka, na simu ikakatika.

Februari iliyopita wakaenda wao wawili tu, Jémima na Jérôme. Mpango ulikuwa kulala kibandani mpaka Jumapili, kisha kupita juu ya kilango kati ya vilele viwili, kushuka upande wa pili hadi kijijini na kupanda treni. Jémima alikuwa amemwonyesha mama yake njia hiyo kwenye simu kwa kidole. Ilipanda mteremko mmoja mrefu uliotazama kaskazini-mashariki. Alhamisi Antoinette alisoma deux. Ijumaa alisoma deux.

Jumamosi, Brussels, upepo ulianza asubuhi. Uliangusha baiskeli mbele ya jengo na kubeba mifuko ya taka ya mtaa mzima. Maman Priscille alishuka mchana na chupa ya chai ili wawaombee watoto safari ya kurudi. Walikuwa wamekaa sebuleni, Biblia kwenye kochi, taarifa ilipotoka. Antoinette akavaa miwani, akafungua simu.

Duara lilikuwa jekundu karibu lote. Juu yake namba: quatre. Akasoma maneno, ingawa kwa kawaida hakuyasoma. Yalisema upepo mkali umebeba theluji mpya na kuilundika kwenye miteremko ya kaskazini na mashariki, juu ya tabaka dhaifu la zamani. Mtu mmoja peke yake anaweza kukata bamba kubwa la theluji. Anga litakuwa safi kesho asubuhi, na uzuri huo usiwadanganye watembeaji.

Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasoma tena.

"Kuna nini?" Priscille aliuliza.

"Ile chiffre. Haiko..."

Priscille alimshika kifundo cha mkono, akambana. "Usiimalize."

"Maman Priscille, wataniita sasa hivi."

"Jérôme wangu iko pale. Usimuwekee ile neno juu yake. Nakuomba, Antoinette. Nakuomba sana."

Msimfanye Priscille mpumbavu. Alikuwa amezika watoto wawili barabarani, wakitembea kutoka Goma, na huyu wa tatu ndiye aliyemvusha kwa kufunga na kuomba, bila kusema hata siku moja kwamba anaweza kufa. Aliamini kwa sababu ilikuwa imefanya kazi. Na Antoinette, ambaye neno lake lilimlaza mume chini ya kilima, angembishiaje?

Simu ikalia.

"Maman? Unanisikia? Fanya mbio, batterie inaisha. Soma."

Upepo ulikuwa unapiga ndani ya simu kama mtu anayekung'uta shuka.

"Mulikula, mutoto wangu?"

"Tulikula. Chiffre, maman."

Antoinette alifungua kinywa. Namba ilikuwa pale, kwenye ulimi, neno dogo la Kifaransa ambalo mtoto wa shule ya chekechea analisema. Aliona kidole cha mama mkwe. Aliona watu wa kilio wakiangalia chini. Mkono wa Priscille ulikuwa bado umembana.

"Mungu iko na ninyi," alisema.

"Amina. Chiffre."

"Ni... ni kama ya jana."

"Kama ya jana? Na hii upepo yote?"

"Kama ya jana. Mulale salama."

Nyuma ya binti ilisikika sauti ya Jérôme, mchangamfu kama kawaida yake: "Si nilikuambia?" Kisha simu ikafa.

Priscille alishusha pumzi, akasema aksanti Yesu. Waliomba mpaka chai ikapoa. Antoinette aliomba mpaka sauti ikakauka, akaomba malaika wasimame kwenye mteremko ule, akaomba theluji ishikwe. Alipobaki peke yake alifanya jambo moja la akili. Alijiambia kwamba kuandika si kutamka, akaandika kwenye simu namba ile peke yake, akaituma. Haikufika. Ilikaa pale na alama moja ndogo pembeni yake, ikingoja simu ya Jémima iwake. Akainua simu dirishani, akaizima na kuiwasha. Ilikaa vile vile.

Jumapili anga la Brussels lilikuwa safi, bila wingu, kitu ambacho katika Februari tunakipata kwa nadra na kwa kawaida tunakishukuru. Antoinette alikuwa amesimama jikoni na nguo za kanisa, kibanio cha nywele mkononi, akijua kwamba kule juu pia anga ni hili hili. Ujumbe bado haukuwa umefika. Akapiga simu ya binti, akapata sauti ya mashine. Akapiga ya Jérôme, hivyo hivyo. Akatafuta namba ya waokoaji wa milimani ambayo Jémima alikuwa amemwekea kwenye simu kwa jina Mulima, namba ambayo hakuwahi hata kuitazama muda mrefu.

Mwanamume alipokea, mpole, Kifaransa cha kule milimani. Antoinette akaanza kuzunguka. Kwamba ana binti. Kwamba binti anapenda kutembea. Kwamba jana kulikuwa na upepo, sivyo? Kwamba yeye hataki kuwasumbua watu.

"Bibi," yule bwana alisema, "unaogopa nini hasa?"

Antoinette alishika ukingo wa sinki. Alijua kinachotakiwa. Alikuwa amelikwepa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, alikuwa amekaa korido nyingi ili asilisikie, na sasa mtu asiyemjua alikuwa akimngoja alitamke.

"Mtoto wangu atakufa leo," alisema. "Atapita mteremko wa kaskazini-mashariki, ni quatre, na mimi nilimwambia ni deux. Atakufa kule. Na kijana wa jirani yangu atakufa naye."

Lilitoka lote kwa mkupuo mmoja. Kisha yule bwana akamwomba arudie jina la kile kilango. Akalirudia. Akauliza ni watu wangapi. Vidole vyake vilisikika vikigonga kibodi, na aliporudi sauti ilikuwa nyingine, ya chini, ya uangalifu, sauti wanayoitumia wenzake Antoinette kule Laeken wakimpigia simu mtoto wa mzee.

"Bibi, helikopta yetu iko kwenye mteremko huo sasa hivi. Acha simu yako wazi. Utapigiwa."

Antoinette alikaa chini, pale pale kwenye vigae, na kitenge chake cha kanisa. Hakulia. Aliwaza jambo moja tu: nimemwua. Nimetamka na mlima umesikia. Alimchukia mama mkwe kwa kuwa alikuwa sahihi miaka yote hiyo. Akajichukia zaidi mwenyewe, kinywa chake, meno yake, ulimi wake. Akakibana kinywa kwa kiganja kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kuzuia.

Simu ililia. Namba ngeni ya Ufaransa.

"Maman."

Ni yeye. Sauti ni yake, imepwaya, lakini ni yake. Antoinette hakumngoja aseme neno la pili. Alilia kwa furaha bila haya, akamwita Mungu kwa majina yote anayoyajua, ya Kiswahili, ya Kishi cha kwao na ya Kifaransa. Mtoto yuko hai. Kinywa hakikuua. Alicheka, akapangusa kamasi kwa kitenge, akamwomba aseme tena, aseme chochote.

"Maman, usifurahi," Jémima alisema. "Acha. Nakuomba usifurahi."

Akamweleza vipande vipande, kama mtu anayesoma maandishi mabaya. Jana simu ilipokatika alibaki nyuma ya choo, akiwaza. Mama yake siku zote anampa chiffre. Hajawahi kumwambia kama ya jana. Mama akizunguka hivi, ni kwamba kuna kitu hataki kukisema. Asubuhi alimwambia Jérôme wangoje kibandani, wawaulize waokoaji kwa simu wakati batterie ya Jérôme bado iko. Jérôme akacheka.

"Alisema, wewe unatafuta shida. Mama yako alisoma. Alisema ni kama ya jana, jana ilikuwa deux. Mbingu iko bleu. Alisema mimi nikuwe mwoga, yeye ataenda kunifungulia njia, nitamufuata kama nimechoka na woga. Nilimuvuta na mufuko yake, maman. Alinitoa mukono, akacheka."

"Jémima."

"Nilisimama ku mulango. Nilikuwa namuona. Alifika katikati, akageuka juu ya kunipungia. Na juu yake ilikatika. Sikusikia ata kelele. Niliona tu mustari."

Alikimbia. Aliwasha kifaa chake kitafute mlio wa Jérôme, akaupata, akachoma kwa ile fimbo mpaka ikagonga kitu laini. Akachimba peke yake. Theluji ikishasimama, alisema, si theluji tena, ni saruji iliyoshika. Alifika kwanza kiunoni, akaitoa simu ya Jérôme mfukoni, pale mteremkoni ikashika, akawaita waokoaji, akaendelea kuchimba. Alipofika usoni, kinywa cha Jérôme kilikuwa kimejaa.

"Walikuya kumutoa na helikopta. Walimupima. Walimufunika."

"Saa gani?" Antoinette aliuliza. Aliuliza haraka, kabla hajajizuia. "Ilikuwa saa gani, mimi nilipiga simu sasa hivi tu, nilisema..."

"Ni zamani, maman. Jua lilikuwa halijafika ku mulima. Ninyi mulikuwa mungali munalala."

Jérôme alikuwa amekufa wakati Antoinette bado hajaamka, wakati kinywa chake kilikuwa bado kimefungwa na kisafi. Hapakuwa na neno lolote lililokuwa limetamkwa juu ya Jérôme, hata moja.

Mlango wa mbele ukafunguka. Maman Priscille hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliingia na kilemba chake cha manjano na mfuko wa mikate ya duara kutoka kwa mwokaji wa pembeni, bado ya moto, akanusa jikoni, akamwona mwenzake kwenye vigae, simu sikioni, uso umelowa.

"Ni Jémima?"

Antoinette alitikisa kichwa kukubali.

"Iko muzuri?"

Akatikisa tena, maana ilikuwa kweli.

Priscille aliinua mikono yote miwili, mfuko wa mikate ukining'inia kwenye mmoja. "Umeona?" alisema. "Umeona sasa? Tulifunga kinywa, Mungu akafungua njia." Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akatafuta sahani, akapanga mikate, akatoa siagi kwenye friji kama mtu wa nyumbani.

"Maman," Jémima alisema kwenye simu, akinong'ona, "polisi iko hapa, gendarme. Anaandika. Anauliza jana tulipata habari gani ya neige. Nimuambie nini?"

Antoinette alielewa kwamba binti yake alikuwa anampa mlango wa kutokea. Angeweza kusema simu ilikuwa mbaya, kwamba haikusikika. Upepo ule wote, nani angeulizia zaidi? Jémima angekaa na uongo huo maisha yake yote na hangemwambia mtu. Kwenye sinki Priscille alikuwa anajaza birika, mgongo umegeuka, bado anaimba.

"Muambie nilisoma quatre," Antoinette alisema kwa sauti ya kawaida. "Muambie nilijua. Muambie nilikuambia ni kama ya jana."

Wimbo ulisimama. Maji yaliendelea kumwagika kwenye birika lililokwisha kujaa. Priscille aliyafunga, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akageuka. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka, limebaki tu halina kazi.

"Quatre ni nini?" aliuliza. Kisha, akiitazama simu: "Na Jérôme? Treni yao inafika saa ngapi? Nilimuwekea sahani ya pondu."

Antoinette aliinuka kutoka kwenye vigae. Alivuta kiti, akamwomba Maman Priscille akae. Priscille hakukaa. Alianza kutikisa kichwa, akainua kiganja mbele yake kama mtu anayezuia gari, akamwambia hapana, Antoinette, hapana, nyamaza. Antoinette akakishika kile kiganja, akakishusha, akamwambia kwamba mwanawe amekufa.